Kati ya Sauti ya Tatu na ya Nne

Daktari wa koo alipomaliza kuutoa ule mpira mwembamba wenye kamera puani mwangu, alinigeuzia skrini nijionee. Nyuzi mbili nyeupe, zinafunguka, zinafunga. Juu ya uzi wa kushoto palikuwa na kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

"Wiki ijayo tutatoa kipande tukipime," alisema. "Na kuanzia leo usiongee. Wiki mbili. Hata kunong'ona usinong'one."

Niliitikia kwa kichwa. Nikiwa kwenye daladala nikaandika kwenye kundi la kwaya: "Wapendwa, nimeshikwa na mafua, koo limekauka. Mniombee."

Habari ya kipande sikuitaja. Mama alipopiga simu jioni sikupokea, nikamwandikia maneno yale yale. Mafua.

Nimeimba sauti ya nne kwa miaka 11. Sina cheo kanisani wala mtaani, lakini Jumapili, sisi wanaume sita wa nyuma tunaposhika noti ya chini na wengine wote wakajenga juu yetu, najua kwa nini nipo duniani. Nilikuwa naogopa. Na nilichoogopa zaidi ya ugonjwa wenyewe ni zile sura ambazo watu wangenitazama nazo.

Miezi imepita sasa. Kuna mtu mmoja aliyeingia maishani mwangu katika wiki zile mbili za ukimya, na tangu hapo hajatoka kichwani.

"Kama huwezi kuimba, sikiliza"

Ndivyo alivyoniandikia mwalimu wetu wa kwaya siku ya tatu, akaambatanisha kipande cha opera, yaani tamthilia inayoimbwa, ya mtunzi Mwitaliano Verdi, *Il trovatore*. Ilirekodiwa Milano, Julai 1962, na kiongozi wa okestra alikuwa mzee Tullio Serafin, mwenye miaka 83. Anayeimba kwenye kipande kile ni Count di Luna, mtu mbaya wa hadithi, yule atakayewaangamiza wapendanao. Lakini hapo yuko peke yake usiku, anamwaza mwanamke asiyemtaka, na Verdi amempa wimbo mtamu kuliko wa mtu mwingine yeyote katika opera ile.

Mwimbaji anaitwa Ettore Bastianini.

Nilivaa spika za masikioni, nikazima taa. Sauti inaingia taratibu, haigongi mlango. Ni nzito, lakini haijivuti. Wimbo unapanda, unashuka kidogo, unapanda tena juu zaidi, naye anaupanda mgongo umenyooka. Mimi nilikuwa nasikiliza pumzi, maana ndiyo tunayogombezwa kila Alhamisi mazoezini. Yake huisikii anapoivuta. Unausikia tu mstari mrefu unavyotoka bila kukatika, kama maji yanayomiminwa kutoka mtungi wenye mdomo mwembamba.

Wapenzi wake wanasema sauti ile ilikuwa ya shaba na mahameli. Nilipoisoma sentensi hiyo baadaye nilikuwa nimeshaielewa kwa masikio.

Kisha nikasoma mengine. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1962, Bastianini aliambiwa ana saratani ya koo.

Nikarudia wimbo. Safari hii sikuusikiliza kama mwanakwaya. Nilikuwa nautafuta ugonjwa. Je, umo pale kwenye noti ya juu? Je, ule mkwaruzo mdogo ni wa kanda au ni wa koo? Nilirudia mara tisa au kumi, na sikupata kitu. Julai ile sauti ilikuwa nzima kabisa, au alijua kuifanya isikike nzima.

Kijana wa duka la keki

Alizaliwa Siena, Septemba 24, 1922. Alilelewa na mama peke yake, baba hakuwepo. Akiwa kijana alipelekwa kujifunza kazi kwa mwokaji wa keki, Gaetano Vanni, na huko kwenye unga na sukari ndiko alikoimba mpaka mwenye duka akaona huyu si wa kuachwa hivi hivi. Vanni ndiye aliyemfikisha kwa walimu wake wa kwanza.

Nimemfikiria sana mwokaji huyu. Kila mwimbaji ninayemfahamu ana Vanni wake, mtu asiye na jina kubwa aliyesimamisha kazi ya siku ili asikilize.

Walimu walimsikia wakasema: besi, sauti ya chini kabisa ya wanaume. Vita vilipokwisha, mwaka 1945, akapanda jukwaani Ravenna kama Colline katika *La bohème* ya Puccini. Colline ni yule maskini msomi anayeliaga koti lake kuukuu kabla ya kwenda kuliweka rehani, ili msichana aitwaye Mimi, anayekufa kwa kifua, apate dawa. Wimbo wenyewe ni mfupi mno, ni mtu tu anazungumza na koti. Ndiyo kazi aliyoanza nayo, kusimama kando ya mgonjwa na kutoa alichonacho.

Aliimba besi miaka sita.

"Si sauti yako"

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo kisa cha mtu huyu kiliponishika kwanza, hata kabla ya ugonjwa.

Sisi kwenye kwaya zetu tuna sauti nne. Ya kwanza na ya pili za akina mama, ya tatu na ya nne za wanaume. Ukija mwanamume, mwalimu anakupigia noti chache kwenye kinanda, anakusikiliza, anakuonyesha pa kusimama. Ya tatu au ya nne. Katikati hapana kiti.

Lakini wanaume wengi ni wa katikati. Hatufiki juu kwa raha kama sauti ya tatu, na chini kabisa tunapapasa. Tunapangwa sauti ya nne kwa sababu tuna uzito, basi tunazoea kuishi humo, na baada ya miaka tunaamini ndiko tulikozaliwa.

Katikati hapo ndipo penye baritoni. Na hakuna aliyepapenda kama Verdi. Katika opera zake, kijana anayependa ni sauti ya tatu. Makuhani na wazee wa makaburini ni besi. Mwanamume mwenye mzigo, baba anayemwonea binti wivu, mfalme aliyepata kiti kwa damu, rafiki anayejitoa, huyo ni baritoni. Anamwandikia juu, juu kuliko ilivyokuwa desturi kabla yake, mpaka mwimbaji mwenye koo zito analazimika kuimba kama aliyenyanyua gunia juu ya kichwa na bado anatembea kwa madaha.

Bastianini alikuwa hapo na hakujua. Luciano Bettarini, mwalimu wa uimbaji, ndiye aliyemwambia kuwa yeye si besi.

Hebu fikiri. Una karibu miaka 30. Umeshaimba besi katika majumba mengi, una mikataba, una jina dogo linaloanza kukua. Mtu anakuambia umesimama mahali pasipo pako. Ungefanyaje? Mimi ningemshukuru, nikaendelea na besi yangu.

Yeye aliacha. Mwaka 1951 akaziaga kazi za besi, akajifungia kufanya mazoezi. Januari 17, 1952 akarudi jukwaani nyumbani kwao Siena, kama baritoni, akiimba sehemu ya Germont, baba wa kijana mpenzi Alfredo, katika *La traviata* ya Verdi. Haikwenda vizuri. Noti za juu zilikuwa bado mbichi. Mbele ya watu wa kwao, waliomjua tangu akiwa na unga mikononi.

Akarudi tena kujifungia.

Mwaka 1953 aliimba Prince Andrei huko Florence, katika *Vita na Amani* ya Prokofiev. Desemba 5 mwaka huo huo alisimama Metropolitan Opera ya New York, na sehemu aliyoingia nayo ilikuwa ile ile ya baba Germont iliyomwangusha Siena miezi 23 kabla.

Kila nikilitazama jambo hili naona mtu aliyekuwa na masikio ya kusikia habari ngumu kuhusu koo lake mwenyewe. Aliambiwa, akakubali, akaanza upya, akaaibika, akaendelea. Ndiyo maana yaliyokuja baadaye yalinisumbua.

Miaka kumi

Ya sifa nitayapitia haraka, yanapatikana kwa kila anayetaka. Mei 1955 La Scala, jumba la opera la Milano, walifanya ile *La traviata* inayosimuliwa mpaka leo, Luchino Visconti akiongoza jukwaa, Carlo Maria Giulini okestra, Maria Callas akiwa Violetta, mwanamke anayependwa na Alfredo. Bastianini alikuwa baba wa Alfredo, na Alfredo alikuwa Giuseppe Di Stefano, ambaye kwa umri alimzidi baba yake huyo zaidi ya mwaka. Sikiliza tu sauti, utaapa kwamba huyu ni mzee wa miaka 60 mwenye nyumba na heshima ya kulinda.

Salzburg, Vienna, Chicago, New York, Milano. Rekodi baada ya rekodi. Kuna waliosema kwamba kama mwigizaji hakuwa mwepesi, kwamba alisimama akaacha sauti ifanye kazi yote. Labda. Mimi simwoni, namsikia, na kwa kusikia sipungukiwi na kitu.

Mficha maradhi

Kisha ikaja Novemba 1962.

Madaktari waliona njia ya upasuaji. Upasuaji ule ungemaliza sauti. Akaukataa, akachagua mionzi, na mwanzoni mwa 1963 akavunja mikataba mingi akaenda Uswisi kutibiwa. Hakutangaza. Walioambiwa walikuwa wachache mno. Wenzake wa jukwaani, mashabiki, wakosoaji wa magazeti, wote walijua tu kwamba Bastianini amekatisha maonyesho, halafu amerudi, halafu leo anaimba vizuri na kesho sauti imekauka.

Mwaka huo huo wa 1963 alisafiri hadi Tokyo na kundi la Waitaliano kuimba *Il trovatore*. Picha zake za filamu zipo. Amevaa mavazi ya Count di Luna, kifua mbele, na anaimba ule wimbo niliotumiwa na mwalimu. Nimeitazama shingo yake kwenye filamu ile kuliko nilivyomtazama usoni.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimekua nikiisikia methali hiyo, na siku za kwanza nilimhukumu kwayo. Nilisema kiburi. Nilisema mtu amependa makofi kuliko uhai. Madaktari walimpa mlango, akaufunga.

Siku ya tano ya ukimya wangu hukumu hiyo ilinitoka mkononi.

Nilikuwa nimeketi barazani, shemasi akapita, akanisalimia. Nikamwonyesha koo kwa kidole. Akasema, "Pole, hiyo hali ya hewa." Nikatabasamu. Alipopinda kona nikajiona nilivyo: nimetimiza siku tano nikiwadanganya watu wanaonipenda, kwa ajili ya punje moja ambayo hata jina haijapewa. Na mimi sina La Scala. Mimi nina wanaume sita na noti ya chini.

Kama ningeambiwa leo, tukate, utaishi lakini hutaimba tena, ningejibu nini? Niliogopa kujiuliza kwa sauti, na bahati nzuri sauti sikuwa nayo.

Nikadhani nimeanza kumwelewa. Mara ya kwanza, kuhusu besi, aliwaachia wengine wamwambie yeye ni nani, na ikamgharimu miaka sita. Mara ya pili hakumwachia mtu. Sijui kama ndivyo alivyowaza. Ndivyo nilivyowaza mimi nikiwa barazani.

Kapteni

Kuna jambo moja zaidi la Siena ambalo siwezi kuliruka.

Mji ule umegawanyika katika mitaa 17 ya kale, kila mmoja na bendera yake na mnyama au alama yake, na mtu ni wa mtaa wake kama mtu alivyo wa ukoo wake. Mara mbili kwa mwaka, Julai 2 na Agosti 16, farasi kumi hukimbia mizunguko mitatu katika uwanja wa Piazza del Campo, wapandaji wakiwa hawana tandiko. Mbio huchukua dakika moja na kidogo. Farasi akifika wa kwanza bila mpandaji, bado ameshinda. Ndiyo Palio. Watu wazima hulia kwa sababu yake.

Kila mtaa una kapteni wake. Yeye ndiye humtafuta mpandaji, na yeye ndiye hukutana usiku na makapteni wengine kupatana kimya kimya: nani amsaidie nani, nani azuiwe, kwa fedha ngapi. Kapteni mwenye mdomo mwepesi hafai.

Bastianini alikuwa kapteni wa mtaa wa Pantera, mtaa wa Chui. Julai 2, 1963, miezi michache baada ya mionzi, Pantera wakashinda.

Mandhari hiyo inanijia hata nikiwa kazini. Uwanja mzima unapiga kelele. Watu wa mtaa wake wanamkumbatia, wanalia, wanaimba mpaka makoo yanapasuka, na katikati yao yuko mtu mmoja anayejua bei ya kila ukelele. Alikuwa amezungukwa na watu wake wote siku ile. Hakuna upweke wa hotelini wala wa New York. Alikuwa nyumbani, na siri ilikuwa naye.

Desemba 11, 1965

Alirudi Metropolitan mwaka 1965. Waliokuja na kumbukumbu za miaka ya nyuma walisikia kilichopungua, na wakakisema, maana hawakujua wanasema nini. Hilo siwezi kuwalaumu. Mtu huhukumu alichopewa kusikia.

Onyesho lake la mwisho lilikuwa Desemba 11, 1965, katika jengo la zamani la Metropolitan kule Broadway. Aliimba Rodrigo katika *Don Carlo*.

Rodrigo ni rafiki. Anaziweka kwake barua za hatari za mwenzake ili lawama imwangukie yeye, anakwenda gerezani kumuaga, hasemi kwanza kuna nini, kisha risasi inampata. Na Verdi hamuachi afe kimya. Anampa mstari mrefu wa kuimba akiwa chini, unaohitaji pumzi ndefu kuliko yote iliyotangulia, na katika mstari huo anasema anakufa na moyo una furaha.

Sehemu hiyo aliimba akiwa na koo lile.

Baada ya hapo hakuimba tena jukwaani. Alifariki Sirmione, kando ya Ziwa Garda, Januari 25, 1967, akiwa na miaka 44, akarudishwa kuzikwa Siena. Jengo lile la Broadway nalo lilibomolewa mwaka huo huo.

Majibu

Majibu yangu yalitoka baada ya wiki tatu. Kinundu cha kawaida, alisema daktari, cha mtu anayelazimisha noti za chini kwa miaka mingi. Akaniuliza naimba sauti gani. Nikamwambia ya nne. Akasema sijui muziki, lakini uzi huu unachoka kushuka.

Alhamisi nilipomsimulia mwalimu alinikalisha kwenye kinanda, akanipandisha noti moja moja, polepole, mpaka nikafika mahali ambapo sijawahi kusimama. Hakusema kitu. Alitabasamu, akafunga kinanda. Tutaona.

Kwa mama nilikwenda mwenyewe, Jumamosi. Majibu yalikuwa mazuri, ningeweza kunyamaza na asijue milele. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikamweleza yote, tangu kamera hadi kipande.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwezi wa tatu, mama."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Kwa hiyo wewe mafua yale…"

Hakumaliza. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua, na kwa muda mrefu sikusikia kitu isipokuwa mchele. Nilipoona kimya kimezidi, nikaanza kumsimulia habari za Bastianini, sijui kwa nini, labda kujitetea. Nilimweleza duka la keki, besi, Siena, farasi, madaktari, Tokyo. Nikamwekea wimbo kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu mama yake alikuwa wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia alikuwa ameshafariki. Mwaka ule ule wa 1962, kabla ya yeye kuambiwa ugonjwa.

Mama aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje ya baraza.

"Basi yeye hakuwa na wa kumwambia," alisema. "Wewe unaye."